Kifungo cha nyumbani New Zealand: kuanzia kutafuta nyumba hadi kikuku kuvuliwa

Mshtakiwa anayetarajia kifungo cha nyumbani nchini New Zealand huwaza sana jaji atasema nini. Angefanya vyema kuwaza nyumba kwanza. Hata jaji akiridhika kwamba si lazima mtu huyo aende jela, hawezi kumpeleka mahali ambapo hapajakaguliwa, wala penye wenyeji ambao hawajakubali. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu anwani na watu wanaoishi hapo. Baada ya hapo tutaeleza kikuku cha mguuni (kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha ulipo), ruhusa za kutoka, na makosa madogo yanayomrudisha mtu mahakamani.

Jua unaomba nini

Kwenye karatasi za mahakama adhabu hii imeandikwa home detention. Ilianza mwaka 1999 kama namna ya kutumikia kifungo cha jela ukiwa nyumbani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2007 ni adhabu inayojitegemea, na jaji mwenyewe ndiye anayeitoa. Muda wake haupungui siku 14 wala hauzidi miezi 12. Unakaa katika nyumba iliyoidhinishwa saa 24, kila siku ya wiki, na kikuku hakivuliwi.

Usiichanganye na adhabu nyepesi iitwayo community detention. Hiyo ni kafyu tu: saa zisizozidi 84 kwa wiki, kwa muda usiozidi miezi 6, na saa zilizobaki mtu anakwenda zake kazini au dukani. Iko pia dhamana yenye ufuatiliaji wa kielektroniki, ambayo ni ya mtu ambaye kesi yake bado haijaisha. Zote tatu hutumia kikuku, na hapo ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha. Binamu aliyewahi kuwa kwenye kafyu atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba mchana unaruhusiwa kutoka. Yeye aliruhusiwa. Wewe huruhusiwi.

Kifungo cha nyumbani kinawahusu watu ambao vinginevyo wangefungwa jela miezi 24 au pungufu, na jaji awe ameona kwamba adhabu nyepesi zaidi haitoshi. Miezi inayoangaliwa ni ile inayobaki baada ya punguzo. Chukua mfano wa kosa ambalo jaji analianzia miezi 30. Mshtakiwa amekiri mapema na kupata punguzo la asilimia 25, ambalo ndilo kubwa kabisa kwa kukiri kosa. Inabaki miezi 22 na nusu, na mlango wa kifungo cha nyumbani umefunguka. Angengoja mpaka kesi ianze kusikilizwa, punguzo lingekuwa dogo sana, jumla ingevuka miezi 24, na mlango ungefungwa. Kwa hiyo swali la kukiri au kutokiri lijadiliwe na wakili mapema.

Majaji wengi huweka muda wa nyumbani uwe karibu nusu ya muda wa jela. Sababu yake ni kwamba mfungwa wa muda mfupi huachiwa akifika nusu ya kifungo chake, wakati kifungo cha nyumbani hutumikiwa chote, bila kuachiwa mapema. Ile miezi 22 na nusu huenda ikawa kama miezi 11 nyumbani.

Kuna jambo moja la kumkumbusha wakili kwa maandishi. Siku ulizokaa mahabusu hupunguzwa zenyewe kwenye kifungo cha jela, lakini kwenye kifungo cha nyumbani hazipungui mpaka jaji azizingatie anapopanga muda. Andika tarehe uliyoingia na tarehe uliyotoka, umpe wakili. Fanya vivyo hivyo kwa muda uliokaa kwenye dhamana ya kikuku.

Kama wewe si raia, mwambie wakili aina ya viza yako na tarehe uliyopata ukaazi kabla hujakiri chochote. Sheria ya uhamiaji, hasa kwa makosa yaliyotendwa katika miaka ya mwanzo ya ukaazi, huangalia mahakama *ingeweza* kutoa kifungo cha muda gani kwa kosa hilo. Kutumikia adhabu sebuleni kwa shangazi hakuondoi hatari ya kurudishwa ulikotoka.

Nyumba: anza kabla hujaulizwa

Baada ya kukiri au kupatikana na hatia, mahakama huagiza ripoti. Afisa wa probesheni huiandika katika wiki chache kabla ya hukumu, na ndani ya muda huo anapaswa kuzungumza nawe, kuzungumza na wenyeji, na kuhakikisha kwamba anwani inafaa. Ukimpa anwani siku mbili kabla ya hukumu, hana muda wa kufanya hayo. Mpe anwani kwenye mazungumzo ya kwanza. Uwe na ya pili pia, kwa sababu ya kwanza ikikataliwa utahitaji pa kukimbilia.

Kabla hujaitaja nyumba yoyote, ichunguze mwenyewe kama vile afisa atakavyoichunguza.

Nani anaishi hapo? Aliyeumizwa na kosa lako akiwa anaishi hapo, au jirani, itafute nyingine. Ni vigumu sana kwa anwani hiyo kukubaliwa, hata kama mwenyewe anasema amekusamehe. Kesi za ugomvi wa ndani ya nyumba hukwama hapa kuliko mahali pengine popote. Kama kuna watoto, afisa atapima usalama wao, na kwa baadhi ya makosa nyumba yenye watoto haitafaa kabisa. Kama polisi wamewahi kuitwa hapo mara kwa mara, au mwenyeji ana kesi yake, tarajia maswali.

Mawasiliano yakoje? Kifaa cha ufuatiliaji hutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Nyumba iliyo bondeni au mashambani, ambako simu hupata mnara ukisimama dirishani tu, inaweza kushindwa kwenye ukaguzi. Jaribu simu katika kila chumba, hasa utakacholala. Hakikisha pia umeme haukatwi kwa bili kuchelewa.

Utakaa hapo kwa muda gani? Mkataba wa kupanga unaokwisha baada ya miezi mitatu haufai kwa adhabu ya miezi tisa. Soma mkataba unaruhusu watu wangapi kulala. Ni bora mwenye nyumba aelezwe mapema kuliko aje kugundua baadaye na kuleta matatizo katikati ya adhabu.

Nyumba ina nafasi? Hili watu hulipuuza. Mtu mzima asiyeruhusiwa kutoka ni mzigo kwa nyumba yenye vyumba viwili na watu sita. Uhasama huanza kwenye bafu na rimoti ya televisheni, unaishia kwa mwenyeji kumpigia afisa simu.

Ridhaa ya wenyeji

Katika nyumba ya familia, kila mkazi mwenye umri wa miaka 16 au zaidi lazima aridhie. Afisa atamweleza kosa lako la sasa na makosa ya nyuma. Atamweleza pia kwamba anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Nia ya hatua hii ni kumlinda mwenyeji, na ni haki yake. Usimshinikize. Ridhaa iliyopatikana kwa aibu ya undugu haidumu.

Kwa hiyo mambo hayo yatoke kinywani mwako kwanza. Mama mkubwa akisikia kosa lako la mwaka 2015 kutoka kwa afisa, atasema hapana, na pengine si kwa sababu ya kosa bali kwa kufichwa. Unaweza kumwambia hivi: "Shikamoo mama mkubwa. Nimekuja na jambo zito, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nimekiri kosa la wizi, na huko nyuma niliwahi kuhukumiwa kwa kosa la kupigana. Naomba kukaa hapa muda usiozidi miezi kumi na mbili, bila kutoka ila kwa ruhusa. Kutakuwa na kifaa sebuleni, na maafisa watakuja, pengine bila taarifa. Ukikataa sitakulaumu. Ukikubali halafu ukachoka, niambie mimi kabla ya kuwaambia wao." Kisha mwache alale nalo siku mbili tatu.

Mweleze pia wajibu wake mwenyewe, maana wenyeji wengi hushtukizwa nao. Mtu yeyote anayemzuia afisa wa probesheni aliyejitambulisha asiingie katika nyumba hiyo, bila sababu ya maana, anatenda kosa. Kama wewe umeamriwa usiguse pombe, sherehe za bia nyumbani zitakuweka pabaya, na ni uungwana kulisema hilo kabla hajakubali.

Ukikosa nyumba kabisa

Wakili aombe hukumu isogezwe mbele kama nyumba inakaribia kupatikana. Ikishindikana, na jaji akisema angetoa kifungo cha nyumbani kama kungekuwa na mahali panapofaa, sheria inamtaka akupe kibali cha kurudi baadaye kuomba kifungo cha jela kifutwe na kuwekwa cha nyumbani. Hakikisha kibali hicho kimeandikwa siku hiyohiyo. Ukiwa ndani, ndugu waendelee kutafuta, na nyumba ikipatikana wakili apeleke ombi mara moja. Watu wengine hupata nafasi katika kituo cha matibabu ya ulevi au dawa za kulevya, na hicho chenyewe kinaweza kuwa anwani.

Mahojiano ya ripoti

Kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza, omba mkalimani. Mahakamani, mshtakiwa asiyeelewa au asiyezungumza lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila malipo. Omba pia kwa mahojiano ya probesheni, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo kama haya. Taja lugha yako sawasawa: Mkongo kutoka Kivu na Mtanzania wa Tanga wote watasema "Kiswahili", lakini mkalimani asiyezoea lahaja yako anaweza kukosea neno la kisheria. Usipomwelewa, sema palepale.

Jaji anapaswa kuridhika kwamba unayaelewa masharti na umekubali kuyafuata. Njoo basi na vitu vya kushikika: barua ya mwajiri yenye siku, saa na mahali pa kazi, jina la programu ya ushauri unayotaka kuhudhuria, orodha ya dawa na kliniki zako. Usiseme "sijui" kuhusu kosa lako, halafu ukatarajia ripoti nzuri.

Siku ya hukumu

Amri ya kawaida ni hii: toka mahakamani, nenda moja kwa moja nyumbani, na usubiri afisa au fundi wa kampuni ya ufuatiliaji. Moja kwa moja maana yake usipite dukani, usimpitie mtoto shuleni, usiende kumuaga rafiki. Panga usafiri siku iliyotangulia. Jaza jokofu, nunua dawa za mwezi, lipia simu. Vaa suruali pana miguuni, au njoo na kaptula, ili fundi apate nafasi ya kufunga kikuku.

Kikuku na kisanduku

Kikuku hufungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mkanda wake una kihisi ndani: ukikatwa au kuvutwa sana, taarifa hufika kituoni hata kama hakuna mlio uliousikia. Kidole kimoja kipite kati ya mkanda na ngozi. Kama una kisukari au miguu huvimba jioni, mwambie fundi kabla hajafunga, kwa sababu mkanda uliokaa vizuri asubuhi unaweza kubana usiku. Oga nacho, osha chini yake, kausha vizuri. Wekundu na vidonda viripotiwe siku hiyohiyo. Usijaribu kukilegeza kwa kijiko wala kwa mafuta.

Kama fundi amekupa chaja, mwombe akuonyeshe namna ya kuchaji na akwambie ni mara ngapi, kisha panga saa ileile kila siku, mfano wakati wa taarifa ya habari. Kuchaji ukiwa umelala ni kosa la kawaida: unajigeuza, waya unachomoka, na asubuhi betri imekwisha. Kikuku chenye betri iliyokufa hakiwezi kueleza ulikuwa wapi.

Kisanduku cha nyumbani, yaani kifaa kinachopokea ishara za kikuku, kikae juu ya meza au kabati, karibu na katikati ya nyumba, mbali na jokofu, maikrowevu, kioo kikubwa na ukuta wa mabati. Chuma na maji hudhoofisha mawimbi. Ndiyo maana beseni la kuogea la chuma lililo mwisho wa nyumba linaweza kukufanya uonekane haupo. Pitia vyumba vyote fundi angali hapo, ulale kitandani, uingie bafuni, yeye akithibitisha unasomeka. Baada ya hapo kisanduku kisisogezwe, hata kwa kufagia. Soketi yake isitumiwe na mtu mwingine. Bandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. Watoto na wageni ndio huzima.

Mwombe pia fundi akuonyeshe mpaka wa eneo lako kwa kutembea nawe, si kwa maneno. Je, baraza ni ndani au nje? Kamba ya kuanikia nguo? Banda? Sanduku la barua? Watu hujikuta matatani kwa kusukuma pipa la taka mpaka ukingo wa barabara. Kazi hiyo apewe mtu mwingine tangu wiki ya kwanza.

Kutoka nje

Bila ruhusa ya awali unaweza kutoka kwa mambo mawili tu: matibabu ya dharura, ya mwili au ya meno, na kuepuka hatari kubwa ya kifo au kuumia, yako au ya mtu mwingine. Nyumba ikiwaka moto, toka. Mtoto akianguka na kuvunjika, toka. Piga 111, namba ya dharura, kwanza, kisha piga namba ya ufuatiliaji au ya afisa wako mara tu inapowezekana, na urudi na karatasi ya hospitali yenye saa.

Mengine yote yanahitaji kibali cha afisa: kazi, kutafuta kazi, mafunzo, programu za urekebishaji, kikao cha upatanisho na mwathirika, na shughuli nyingine atakayoiidhinisha mahsusi, kama msiba. Ombi zuri lina mambo sita: unakwenda wapi, kufanya nini, saa ya kutoka, njia, saa ya kurudi, na simu ya mtu wa kuthibitisha. Lipeleke siku kadhaa kabla. Ukimya wa afisa si kibali. Kama hajajibu, hujaruhusiwa.

Kibali cha kazini hakikupi ruhusa ya kupita kituo cha mafuta. Basi likichelewa, piga simu ukiwa kituoni, usingoje ufike nyumbani. Msimamizi akitaka ubaki saa ya ziada, afisa aulizwe kwanza. Mwajiri ajue hali yako tangu mwanzo, vinginevyo utashindwa kumweleza kwa nini huwezi kuhamishiwa tawi jingine kesho asubuhi.

Kipimo cha MRI hakifanywi ukiwa umevaa kikuku. Ukipewa miadi ya aina hiyo, toa taarifa mapema ili kikuku kivuliwe na kurudishwa kwa utaratibu.

Riziki na siku ndefu

Hukai gerezani, kwa hiyo chakula, kodi na umeme ni juu yako na wenyeji. Kama huna kazi, zungumza na Work and Income, ofisi ya serikali inayotoa misaada ya fedha, kuhusu msaada. Mtu aliye kwenye kifungo cha nyumbani hahesabiwi kama mfungwa wa jela. Mkubaliane na familia nani ananunua mahitaji na siku gani.

Wiki za kwanza mtu hulala sana na hufurahia. Ugumu huja baadaye, siku zinapofanana. Weka saa ya kuamka, ya kupika, ya mazoezi, na ya kumpa mwenyeji nyumba yake kwa kukaa chumbani mwako. Pika wewe, osha vyombo wewe. Nyumba inayokuhifadhi inapaswa kuona faida ya kuwa nawe.

Mambo yakiharibika

Umeme ukikatika, kaa ndani, toa taarifa, andika saa. Kengele ikilia bila sababu, fanya hivyohivyo. Kuwa na daftari: tarehe, saa, kilichotokea, uliyezungumza naye. Vifaa hivi hukosea, ishara huyumba, na daftari ndilo litakalokutetea wiki tatu baadaye afisa atakapouliza ulikuwa wapi usiku wa Jumanne.

Kuvunja masharti bila sababu ya maana ni kosa jipya, adhabu yake ni hadi mwaka 1 jela au faini hadi dola 2,000. Mbali na hilo, afisa anaweza kuiomba mahakama ifute kifungo cha nyumbani na kuweka adhabu nyingine. Ukikosea, mpigie afisa kabla hajakupigia, kisha mpigie wakili.

Mwenyeji akichoka, au mkataba ukiisha, usihame kwanza ndipo utoe taarifa. Zungumza na afisa mara moja. Mahakama inaweza kubadilisha anwani, na wewe mwenyewe una haki ya kupeleka ombi. Hapa ndipo ile anwani ya pili inapokuwa na thamani, kwa hiyo endelea kuwasiliana na watu wa nyumba hiyo hata kama ya kwanza ilikubaliwa.

Siku ya mwisho

Thibitisha tarehe na saa ya mwisho kwa maandishi wiki moja kabla. Usikate kikuku hata kama saa imepita. Kivuliwe kwa utaratibu na vifaa vikabidhiwe vyote, pamoja na chaja. Kisha soma tena karatasi ya hukumu. Mara nyingi kuna masharti yanayoendelea baada ya kifungo, kama kuripoti kwa afisa au kumalizia programu, na mtu aliyekwisha kuvuliwa kikuku huyasahau kwa urahisi. Tarehe yake ya kwanza ya kuripoti iandikwe kwenye kalenda ya jikoni kabla ya fundi hajaondoka.